Kipupwe Hakigandishi, Huozesha

Vitabu vingi vya bustani vinavyotufikia vimeandikwa na watu wa nchi za theluji. Humo mwenye kishamba huelekezwa afunike matuta, amwage maji yaliyobaki mabombani yasije yakaganda na kuyapasua, atie banda komeo na kungoja hadi Machi. Mtu wa Tiwi, pwani ya kusini ya Kenya, akiufuata ushauri huo mwezi wa Juni, Septemba atakuta jembe limeliwa na kutu, mbegu zimeshika ukungu ndani ya pakiti na panya wamezaana magunini. Baridi yetu haina makali hayo. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzijoto 20 hivi, na mchana mtu bado hutokwa jasho akishika jembe. Kinachotuharibia mali ni unyevu usiokauka, pamoja na chumvi inayopeperushwa na upepo wa kusi. Kwa hiyo mwenye ploti ya hamsini kwa mia na kibanda chake cha vifaa afanye kinyume cha vitabu hivyo: miezi hii ni ya kufungua na kupitisha hewa.

Kusi huanza kuvuma Aprili, hushika kasi Juni hadi Agosti, kisha hulegea kuelekea Oktoba kabla ya kaskazi kuchukua zamu. Mvua za masika hufikia kilele Mei, na kipupwe kinapoingia ardhi imekwisha kushiba maji. Manyunyu ya mchoo ya Julai na Agosti hurudisha unyevu kila jua linapojaribu kuukausha. Wazee wa pwani walihesabu misimu hii kwa mwaka wa Nairuzi: siku 365, miongo 36 ya siku kumikumi, na siku tano za nyongeza. Mwaka huo hauna mwaka mrefu, basi Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Siku hizi huangukia Julai, na Makunduchi kule Unguja bado huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Hesabu hiyo naiheshimu, lakini kwa kazi ya shamba hutazama minazi inalalia upande gani kabla ya kutazama tarehe.

Tuanze na banda, kwa sababu ndilo linalosahauliwa. Ufuo wa Tiwi unatazama mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki. Kaskazi nayo hutoka kaskazini-mashariki. Upande mmoja tu haupigwi na upepo wa bahari mwaka mzima, nao ni ule wa bara. Mlango uwe huko. Banda ambalo tayari limejengwa likitazama bahari halina haja ya kubomolewa. Kata mlango mwingine nyuma, na ule wa mbele uuzibe kwa makuti ya kumba, ambayo hupunguza nguvu za upepo bila kuzuia hewa.

Paa la makuti huzeeka kwa mwinamo mbaya kuliko kwa wingi wa mvua. Nyuzi 45 ndicho kiwango cha chini. Chini ya hapo maji hayateremki upesi juu ya jani, hutulia kwenye mikunjo, na kuti huanza kuoza kutoka ndani huku juu likionekana zima. Ukitaka kujua hali ya paa lako, ingia bandani saa sita mchana, funga mlango na utazame juu. Vitobo vidogo vya mwanga hapa na pale si hoja, maana makuti yakilowa hutanuka na kuviziba. Cha kutia wasiwasi ni doa jeusi lenye ncha zinazoning'inia na kunuka uvundo. Liguse kwa kidole. Likivunjika na kuacha unga wa kahawia, hapo maji yameshapata njia. Kiraka chake ni rahisi: unachomeka makuti mapya ya viungo chini ya yale ya safu ya juu na kuyafunga kwenye fito kwa kamba ya makumbi. Msumari usiutumie, kwani chumvi huumaliza mapema na tundu lake hubaki. Lakini usiezue paa zima wakati wa kusi. Kuezeka upya ni kazi ya Februari na Machi, makuti yakiwa makavu na mafundi hawakimbizani na mvua.

Boriti zimekuwa ghali, na sababu yake inaeleweka. Mikoko haikatwi bila kibali cha Shirika la Misitu la Kenya, KFS, na majirani zetu wa Gazi, huko Msambweni, wameonyesha kuwa msitu uliosimama nao huleta fedha: mradi wao wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa kaa tangu 2013 kutokana na mikoko ya hekta zipatazo 117. Kwa kibanda cha vifaa mvinje unatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba ukichimbiwa ardhini mbichi, na hasa ukiwa na gome lake, mchwa huufurahia.

Hapa ndipo watu wengi wa pwani hukimbilia mafuta machafu ya injini. Nguzo hupakwa weusi hadi magotini, na yanayobaki humwagwa shimoni. Mahali pengine ningesema ni tabia mbaya tu. Tiwi ni zaidi ya hapo, kwa sababu visima vya hapa ndivyo ambavyo kwa miaka mingi vimesambaza maji Ukunda, Diani na hata Likoni. Maji hayo yamo katika mchanga na mawe yenye vitundu, na kinachomwagwa juu wakati wa mvua hakina kizuizi kikubwa njiani. Dawa ya mchwa iliyo bora ni jiwe. Chonga tofali la matumbawe, lisimamishe shubiri moja juu ya ardhi na uketishe nguzo juu yake, ukiifunga kwa chuma au saruji. Mchwa wa ardhini hatembei hadharani. Hujenga njia yake ya udongo, na juu ya jiwe jeupe njia hiyo utaiona. Pita kila wiki na fagio uikwangue. Kukwangua pekee hakumfukuzi mchwa kwenye eneo lako, ila humnyima muda wa kufika juu.

Walioezeka mabati wana shida ya namna nyingine. Usiku wa kipupwe bati hupoa upesi, hewa yenye unyevu iliyofungiwa ndani hugeuka matone kwenye uso wake wa chini, na alfajiri banda hunyesha lenyewe hata kama nje ni kukavu. Mwenye banda huapa kuwa paa linavuja, akaita fundi wa kuziba matundu, na fundi huziba matundu yasiyokuwepo. Acha mwanya wa shubiri moja kati ya ukuta na paa pande zote mbili, uuzibe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo ili panya wasipite. Kutu ya bati la pwani huanzia misumarini na pale kingo zilipokatwa, basi hapo ndipo pa kupaka rangi kabla ya masika kuanza.

Sakafu iinuliwe. Waliojenga dungu la kulindia mahindi dhidi ya nguruwe na nyani walikaa juu ili waone mbali, lakini mpango huohuo wa nguzo fupi na fito zilizoachana unafaa sana kwa vifaa, kwani hewa hupita chini na nyoka hapati pa kujificha. Anayefuata panya bandani kwa kawaida huwa swila au fira, na wakati wa kipupwe nyoka hupenda pakavu kama sisi, kwa hiyo usiingize mkono chini ya gunia kabla ya kulisogeza kwa fimbo. Majembe na mapanga yaoshwe kwa maji baridi, yafutwe, yapakwe mafuta kidogo na kutundikwa makali yakitazama chini. Mbolea ya CAN hunywa maji ya hewani ikiwa haijafungwa vizuri. Itie ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na mbegu.

Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, wakati mbaya kuliko wote wa kuyakausha. Nyumba za Kimijikenda zilikuwa na uchaga juu ya meko, na moshi wa kila siku ulikausha nafaka na kufukuza wadudu. Jiko la gesi halina moshi, na banda la nje halina meko. Kiwango salama cha unyevu kwa kuweka akiba ni asilimia 13.5. Kipimo cha mashine ni ghali, lakini chupa ya kioo yenye mfuniko na chumvi kavu vitakusaidia. Tia konzi ya mahindi na chumvi kidogo kwenye chupa kavu, tikisa kwa dakika kadhaa, acha itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandia kioo, mahindi yako yamepita asilimia 15 na bado ni mabichi. Isipoganda, yaanike siku moja zaidi ya jua kali kisha uyatie gunini. Ile mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa siku hizi humuua dumuzi kwa kumnyima pumzi, lakini mahindi mabichi ukiyatia humo utatoa mfuko mzima wa ukungu. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliua watu 125 katika mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, kwa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na punje zenye ukungu kuku nao wasipewe.

Sasa tutoke nje. Tiwi ina ardhi za namna mbili, na ushauri wa moja huiumiza nyingine. Karibu na bahari udongo ni mchache, umekaa kwenye mifuko kati ya matumbawe, na umejaa chokaa. Ukivuka barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga kuelekea Milima ya Shimba, unaingia kwenye mchanga mzito wenye wekundu. Redioni husikika kila mara kwamba jivu ni mbolea nzuri. Mchangani ni kweli, kwa kiasi. Kwenye matumbawe jivu huongeza kile ambacho tayari kimezidi, na mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma: majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Huko tia mboji na samadi iliyooza, basi. Mchangani tatizo ni mvua kuisukuma mbolea chini ya mizizi, kwa hiyo igawe mara mbili au tatu na usiimwage yote siku moja.

Ukuta wa mawe si kinga nzuri ya upepo. Kusi huuruka na kuangukia matuta ya nyuma kwa mzunguko mkali kuliko ule wa awali. Ua unaopitisha karibu nusu ya upepo, kama makuti ya kumba yaliyosukwa wazi au mstari wa gilirisidia na mivinje, hukinga eneo la hadi mara kumi ya kimo chake. Mboga zikipata kinga hiyo, kipupwe ndio msimu wake wa kustawi. Nyanya hudondosha maua usiku ukiwa wa joto kali, na ndiyo maana za Februari hutuvunja moyo. Zilizooteshwa kitaluni mwishoni mwa Mei na kuhamishwa Juni au Julai hushika matunda vizuri zaidi. Zifunge kwenye vijiti, ondoa majani yanayogusa ardhi, na mwagilia asubuhi tu, chini ya shina, ili zisilale na majani mabichi. Konokono wakubwa waokotwe alfajiri kwa mkono. Kuwatia chumvi kama wengi wafanyavyo ni kuutia udongo chumvi ambayo bahari imeshatuletea ya kutosha.

Miembe na mikorosho huanza kutoa maua miezi hii, na umande wa asubuhi huleta ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha shada zima kabla halijashika tunda. Matawi yaliyosongamana katikati ya mti yangepaswa kukatwa mara tu mavuno yalipokwisha. Uking'amua hilo Agosti, ngoja mwakani. Ukiwaona majimoto wameshona viota vya majani kwenye mkorosho, waache hata wakikung'ata, kwani huwafukuza mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi.

Makuti yaliyooza uliyoyatoa paani usiyarundike chini ya mnazi pamoja na samadi. Chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hutaga kwenye magogo na marundo yanayooza. Ligeuze rundo kila baada ya wiki chache, na mabuu meupe utakayoyafukua wape kuku.

Agosti pia tembea ndani ya mihogo ukiwa na kitambaa chekundu. Majani ya juu yaliyojikunja na kuwa na mabaka ni batobato. Michirizi kahawia, ambayo H. H. Storey aliieleza huko Amani, Tanganyika, mwaka 1936, ni ugonjwa mjanja zaidi: shina husimama kwa afya, na alama za manjano kandokando ya mishipa huonekana kwenye majani yaliyokomaa ya chini tu, ambayo kiangazi kikija hupukutika na kuondoka na ushahidi. Funga kitambaa kwenye mashina safi, kisha uyachimbue kidogo, kiazi kimoja kimoja, kuhakikisha ndani hakuna madoa makavu ya kahawia. Kibandameno ni mtamu lakini hushikwa upesi. Wanaotaka aina zinazohimili zaidi huuliza Tajirika au Shibe kutoka kituo cha KALRO Mtwapa. Vipando kutoka mashina yenye kitambaa vikatwe virefu, visimamishwe wima kivulini nyuma ya banda, upande wa bara, vitako vyake vikiwa ndani ya udongo wenye unyevu kidogo. Vitakaa hivyo wiki kadhaa bila kuharibika, na mvua za vuli zikianza utavikata vipande vya shubiri moja, vyenye macho matano hadi saba, na kuvipanda siku hiyohiyo.