Maji Yakishapwa Bondeni

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani, maji yaliingia vijijini na kuzamisha mashamba ya mpunga na mahindi. Watu walihamishwa, barabara zikakatika. Maji yalipoanza kupungua, mkulima aliyerudi bondeni alikabiliwa na swali zito: je, ardhi hii bado inaweza kumlisha?

Warufiji wanaujua upande mwema wa mto wao. Kwa vizazi vingi wamepanda mpunga mvua zinapoanza, ukue kadiri maji yanavyopanda. Maji yakishapwa hufuata kilimo cha mlau: mahindi, kunde na maboga hupandwa kwenye udongo ambao bado una unyevu, na kukomaa bila kutegemea mvua nyingine. Rutuba yake hutoka mbali. Rufiji hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, yakiwemo ya Kilombero na Ruaha Mkuu, na kushusha tope lake bondeni.

Lakini si kila gharika huacha neema. Yote hutegemea kasi ya maji, siku yanazokaa na kile yanachobeba.

Maji ya kasi huchukua udongo wa juu, wenye mboji na chakula kingi cha mimea. Yakipunguza mwendo, mchanga hutangulia kuzama, mara nyingi karibu na kingo za mto. Tope laini husafiri hadi kwenye maji yaliyotulia. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kupata mafuriko yaleyale, mmoja akaachiwa rutuba na mwingine mchanga mtupu. Mlimani hali huwa mbaya zaidi. Desemba 2023, maporomoko ya Mlima Hanang yalishusha matope, mawe na magogo hadi mji wa Katesh, yakaua watu kwa makumi.

Maji yanayotuama hudhuru kimyakimya. Udongo wenye afya una vinafasi vya hewa, na mizizi huvuta oksijeni humo. Vikijaa maji, oksijeni huisha ndani ya siku moja au mbili. Mpunga huhimili kwa sababu una njia za ndani zinazoshusha hewa hadi mizizini. Mahindi hayana uwezo huo: mche ambao haujafikisha majani sita unaweza kufa ukizama kwa siku mbili hadi nne tu.

Hata mmea ukipona, njaa huanza. Bakteria waliokosa hewa hugeuza naitrojeni ya udongo kuwa gesi ikapotelea angani, na nyingine huzama chini kusikofikiwa na mizizi. Kuvu wanaoisaidia mizizi kufyonza fosforasi hupungua sana shamba likikaa muda mrefu ndani ya maji bila mmea hai. Msimu unaofuata mahindi yanaweza kudumaa na majani yake kuwa ya zambarau, ingawa fosforasi imo ardhini.

Kwa hiyo haraka ya kurudisha jembe ina gharama. Udongo ukilimwa ungali chepechepe hushindiliwa na kuwa mgumu ukikauka. Ni heri kuchimba mitaro, kusubiri, kisha kufinyanga kiganja cha udongo: ukimeguka, uko tayari, ukinata, bado. Tabaka jembamba la mchanga huweza kuchanganywa na udongo wa chini, ila rundo nene huhitaji kuondolewa. Kunde, choroko au fiwi hurudisha naitrojeni na kuwapa kuvu mizizi ya kuishi. Samadi huongeza mboji. Mboga zinazoliwa mbichi zilizoguswa na maji ya mafuriko zitupwe, kwa kuwa huenda yamepitia vyooni au kwenye maghala ya viuatilifu.

Wakulima wa Rufiji wana jambo jingine la kupangia. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto huohuo kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa lolote kubwa hutuamisha maji, na sehemu ya tope hubaki nyuma ya ukuta. Mashamba ya mlau yaliyozoea kurutubishwa na mto yatahitaji samadi na mazao ya jamii ya kunde zaidi kuliko zamani, na maofisa ugani wanapaswa kuanza kupima udongo wa bonde hilo sasa, kabla mavuno hayajashuka.