Dohani Iliyoziba Hairudishi Afya: Matunzo ya Bomba la Moshi kabla ya Kipupwe Upareni

Mji wa Same umelala tambarare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na kwa sehemu kubwa ya mwaka wakazi wake hulalamikia jua. Lakini msafiri apandaye kutoka hapo kuelekea Chome, Vudee au Mbaga huanza kutafuta sweta kabla hajafika. Shengena, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 za kupanda hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6. Kipupwe kinapoingia, kati ya Juni na Agosti, milango hufungwa mapema na familia hukusanyika jikoni kuota moto. Hapo ndipo penye joto, na hapo hapo ndipo penye moshi.

Moshi wa kuni hufanya zaidi ya kuchoma macho. Ndani yake mna chembe ndogo mno, nyembamba mara nyingi kuliko unywele, ambazo hupita puani na kooni hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Humsogeza mtoto mchanga karibu na nimonia, na bibi aliyepika miaka arobaini karibu na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Huchangia pia kiharusi, maradhi ya moyo, mtoto wa jicho na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya umri wa miaka 5.

Tanzania imejiwekea Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hata hivyo, kaya nyingi za milimani zingali zikipika kwa kuni, na baadhi yao zimejenga majiko ya udongo au matofali yenye dohani, yaani bomba la moshi. Hiyo ni hatua njema. Tatizo ni kwamba wengi huamini kazi imekwisha siku fundi anapoondoka.

Dohani hufanya kazi kwa kanuni nyepesi. Hewa iliyopashwa moto ni nyepesi, hivyo hupanda na kuuvuta moshi pamoja nayo, huku hewa baridi ikiingia mdomoni mwa jiko kuchukua nafasi yake. Mvuto huo huhitaji njia iliyo wazi. Masizi yakijazana, njia husinyaa, mvuto hulegea, na moshi hurudi chumbani. Mwenye nyumba huendelea kuamini kwamba amekingwa, hafungui dirisha, na mtoto hukaa karibu zaidi na jiko kuliko alivyokaa zamani kwenye mafiga.

Mafunzo ya nchi mbili yanathibitisha jambo hili. Katika milima ya Guatemala, Kirk Smith na wenzake walizipa familia majiko yenye dohani, yakakaguliwa na kutengenezwa mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa kiwango cha kaboni monoksidi walichokipata watoto kilipungua kwa nusu. Idadi ya nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitishwa, lakini nimonia kali ilipungua kwa takribani theluthi moja. Katika jimbo la Orissa nchini India, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walizifuatilia kaya zilizopewa majiko yenye dohani kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta wapishi ulipungua. Baadaye faida ikatoweka, kwa kuwa majiko hayakutumika ipasavyo wala hayakutunzwa.

Upareni, kalenda yenyewe huonyesha wakati wa matunzo. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hulowesha kuni. Kuni mbichi au zilizolowa huungua kwa shida, hutoa moshi mzito, na moshi huo ukigusa bomba lililopoa huganda na kuwa masizi na utomvu mweusi kama lami. Kwa hiyo dohani huingia kipupwe ikiwa chafu kuliko wakati wowote, katika miezi ambayo itatumika kuliko miezi yote. Usafishaji mkubwa ufanyike mwishoni mwa Mei, na mwingine kabla ya vuli kuanza Oktoba. Katikati, bomba lichunguzwe kila mwezi. Masizi yakifikia unene wa milimita 3, lisafishwe bila kungoja msimu.

Dalili za kuziba zinaonekana kwa macho: moshi unatokea mdomoni mwa jiko, ukuta wa juu yake unakuwa mweusi, moto unasinzia hata kwa kuni kavu, au maji meusi yanachuruzika kwenye maungio. Njia rahisi ya kupima ni kuwasha kishungi cha nyasi kavu mdomoni mwa jiko. Ndimi za moto zikivutwa ndani, njia i wazi. Zikiegemea nje, pana kizuizi.

Siku ya usafi, jiko liwe limezimwa tangu jana yake. Watoto na wajawazito watoke, chakula na maji vifunikwe. Fungu la nyuzi za mkonge lililokazwa kwenye mti mrefu, au kwenye kamba yenye jiwe, hupitishwa juu na chini hadi masizi yaache kudondoka. Kisha masizi yote huondolewa chini ya bomba. Majivu yatiwe kwenye chombo cha chuma na kuwekwa nje, kwa kuwa kaa huweza kuishi ndani yake kwa saa nyingi. Nyufa za jiko na maungio ya bomba zizibwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni gharama za matibabu. Mwisho, hakikisha bomba limepita kilele cha paa kwa angalau nusu mita, lina kofia ya bati ya kuzuia mvua, na halijagusa nyasi wala mbao.

Anayesafisha naye alindwe. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha dohani, akaihusisha na masizi yaliyoganda mwilini mwao. Avae nguo za mikono mirefu, afunike pua na mdomo, aoge kwa sabuni mara amalizapo, wala asipande juu ya paa lililolowa.

Onyo moja halihusu kuni. Usiku wa baridi, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa hautoi moshi mwingi, na kwa hiyo hauogopwi. Lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata dirisha likiwa wazi kidogo.

Kwa wahudumu wa afya, mgonjwa anayeumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu asubuhi ya kipupwe, hasa wakiugua wawili au watatu wa nyumba moja bila homa, aulizwe walilala na nini. Kipima oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe hapa, kwani hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, na kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Apewe oksijeni nyingi kwa barakoa mara moja, na mjamzito apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu. Vivyo hivyo, mtoto anayerudi kliniki kwa kikohozi mara ya tatu asiondoke na dawa tu. Mama aulizwe: mnapikia wapi? Bomba lilisafishwa lini?

Swali hilo liulizwe kwa heshima. Katika nyumba nyingi za milimani, moshi hukausha mahindi darini na kuwafukuza dumuzi, na moto ndio baraza la jioni. Mama akiona dohani inamnyima mbegu za mwakani, ataiziba mwenyewe. Ashauriwe kuanika mahindi juani na kuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ili asilazimike kuchagua kati ya chakula cha familia na pumzi ya mtoto.

Fungu la mkonge, udongo wa mfinyanzi na nusu siku ya kazi mwishoni mwa Mei: gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kumshusha mtoto anayehema kwa shida kutoka Chome hadi Same usiku wa Julai.