Binti wa Mihuu na Baba Aliyempeleka Shule

Habari za wanariadha wa viti vya magurudumu hutufikia siku ya medali. Za utoto wao ni nadra kuzisikia, ilhali huko ndiko kwenye fundisho kwa mzazi.

Anne Wafula Strike alizaliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Mihuu, magharibi mwa Kenya. Alizaliwa mzima, akasimama na kutembea kama watoto wenzake. Kabla hajatimiza miaka mitatu alishikwa na homa, na homa ilipomwacha ilikuwa imekwenda na nguvu za miguu yake. Maradhi yenyewe yalikuwa polio, ambayo chanjo yake ilikwishakuwapo duniani tangu mwaka 1955. Wanakijiji walikuwa na maelezo yao: nyumba ile imelogwa, au imelaaniwa. Kwa kuwa mtoto alirudi kutambaa, wakamwita nyoka. Chuki ikazidi hata familia ikalazimika kuhama.

Baba yake alikuwa askari jeshini, akawachukua wake wakaishi naye kambini. Angeweza kumweka binti chumbani, akamlisha na kumvisha, na watu wakamsifu kwa huruma. Yeye alimtafutia tiba, kisha akampeleka shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu. Mama alifariki dunia Anne akiwa bado mtoto mdogo. Baba hakumwachisha masomo. Binti akasoma hadi Chuo Kikuu cha Moi, akatoka na shahada ya ualimu, akafundisha Machakos.

Hadi hapo hajagusa mchezo wowote wa kutajika. Alihamia Uingereza mwaka 2000, akaanza mbio za viti mwaka 2002, na mwaka 2004 akaiwakilisha Kenya katika michezo ya Paralimpiki ya Athens, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki katika mbio hizo. Baadaye akachukua uraia wa Uingereza na kukimbia kwa jina la nchi hiyo. Miaka thelathini, basi, ya mtoto kubebwa, kusomeshwa na kusubiriwa, kabla ya mkono wake kushika gurudumu la mashindano.

Kwetu Unguja, ugumu una sura yake. Katika Mji Mkongwe, vichochoro ni vyembamba, nyumba nyingi huingiwa kwa vidato na kizingiti, na chuo cha Qur'ani pengine kiko ghorofani. Mashamba, njia ni ya mawe na mchanga. Mawe hayo yana dawa: ubao wa mteremko mlangoni, au mwalimu kukubali kushusha darasa chini. Lililo gumu zaidi ni kauli ya nyumbani, "mwacheni, maskini, apumzike", ambayo husemwa kwa mapenzi na humfungia mtoto ndani miaka yote. Tukumbuke kwamba Ibn Umm Maktum, kipofu aliyeteremshiwa Sura ya Abasa, hakuachwa apumzike: aliadhini Madina, na Mtume (s.a.w.) alimwachia mji aliposafiri.

Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, upo tangu mwaka 1985, na wanachama wake wengi ni wazazi au walikuwa watoto wa namna hii. Mzazi mwenye mtoto aliyefikia umri wa kuandikishwa shule na asijue aanzie wapi, na awaendee hao kabla ya muhula kufunguliwa.