Buckingham Nicks: Mangoma za Kabla ya Kuomoka

Miaka mob, Buckingham Nicks ilikuwa albamu ya stori za jaba. Kila shabiki wa Fleetwood Mac alikuwa ashaiskia ikitajwa, lakini wenye walikuwa wameskiza mangoma zote kumi walikuwa wa kuhesabu. Polydor waliitoa Septemba 1973, ikabuma, wakasonga na maisha yao. Haikuwai toka rasmi kwa CD, na kwa Spotify ilikuwa zii. Ulikuwa unasaka santuri mzee ya bei ya kukutoa jasho, ama unajitetea na zile kopi za YouTube zenye zinalia kama redio imefichwa ndani ya sufuria. Alafu Septemba 19, 2025, lebo ya Rhino wakairudisha: santuri, CD, mpaka kwa simu yako. Wametumia zile tepu za kwanza, na unaskia tofauti.

Kabla irudi, wenye albamu wenyewe, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, walicheza na akili za watu. Julai hiyo, kila mmoja aliposti Instagram nusu ya mstari wa ngoma yao ya zamani, umeandikwa kwa mkono. Ukiunganisha, mstari unakamilika. Mtandao ukawaka. Wamerudiana? Bendi inarudi? Kwani wanaongeleshana siku hizi? Hawa ni wasee walimwagana miaka ya sabini, na 2018 Lindsey akapigwa kalamu Fleetwood Mac, so udaku ulikuwa mtamu vibaya. Lakini mimi naona huo udaku ndo unaharibia hii albamu. Ukiiskiza ukitafuta nani alichoma nani, utapita kando ya kitu ya maana. Hawa ni mayouth wawili hawana doh, bendi yao imevunjika wakabaki wao tu, na wako na njaa ya kazi mpaka unaiskia kwa nyuzi za gitaa.

Hiyo bendi iliitwa Fritz, mbogi ya huko kando ya San Francisco. Stevie ndo alikuwa anaimba, na Lindsey, amini usiamini, alikuwa mtu wa besi. Walifungulia Jimi Hendrix na Janis Joplin steji, kwa hivyo hawakuwa wa mchezo. Shida ilikuja venye prodyusa Keith Olsen aliwaleta Los Angeles kujaribu kurekodi. Olsen akacheki, akaona dhahabu ni hawa wawili. Wale wengine, poleni. Fritz ikazima. Lindsey naye akaangushwa na homa ya tezi, akawa wa kulala tu kwa miezi, na hapo kwa bed ndo akanoa gitaa yenye tunamjulia, ile ya kuchapa na vidole. Mbuyu yake alikuwa na kampuni ya kahawa Daly City. Mchana hapo ni kazi, usiku wasee wakishaenda home, panageuka studio: Lindsey na Stevie na mashine moja ya Ampex, wanarekodi demo.

Na hizo demo ndo wakapeleka LA. Studio ya Sound City, Van Nuys, ilikuwa imetoka kununua mtambo wa Neve wa kuchanganya sauti, wa zaidi ya dola 70,000. Enzi hizo hiyo ilikuwa pesa ya kununua nyumba, na chenji ibaki. "Crying in the Night", yenye inafungua albamu, ndo ngoma ya kwanza kabisa kurekodiwa kwa huo mtambo. Ni huo huo Nirvana walikuja kutumia 1991 kutengeneza Nevermind, na ni huo drama wao Dave Grohl alinunua akaenda nao kwake studio ilipofunga. Kwa hivyo kama uko na shati ya Nirvana ya Gikomba, mko na undugu na hawa wazee.

Kava ndo inaniuma. Stevie ameisimulia mara mob: alichomoa zaidi ya dola 100, zile za mwisho alikuwa nazo, akanunua blauzi nyeupe juu ya hiyo picha. Luku imeiva. Kufika kwa kamera, anaambiwa avue. Akasema hataki. Lindsey, boyfriend yake, badala amtetee, akamwambia aache utoto, hii ni sanaa. Akavua, na picha ndo hiyo, wote wawili vifua wazi. Mbuyu ya Stevie alipoiona alikasirika, akamuuliza mbona hakusema tu zii. Sasa 2025 kava imerudi vile vile. Sawa, historia haifutwi, lakini saa hii ukishika hiyo santuri unajua kuna blauzi ya pesa ya mwisho ilibaki nje ya picha.

Alafu ikabuma. Huko Birmingham, Alabama, peke yake ndo watu waliishika, wakawa mastaa wa mji mmoja. Polydor wakawatema. Stevie akawa waita kwa hoteli inaitwa Clementine's, na akitoka hapo anaenda kufagia nyumba ya Keith Olsen, prodyusa wake mwenyewe. Imagine unapigia mtu deki nyumbani kwake na sauti yako iko kwa tepu zake.

Hizo tepu ndo zikawaokoa. Mwisho wa 1974, Mick Fleetwood, drama wa Fleetwood Mac, alikuwa ametoka kununua chakula ya nyumbani, akaishia kupelekwa kuona Sound City juu alikuwa anatafuta studio. Olsen, kama muuzaji yeyote, akataka kumwonyesha vile spika zinapiga. Akaweka "Frozen Love". Hiyo ni ngoma ya zaidi ya dakika saba, ya mwisho kwa albamu: sauti zao mbili zinaingia pamoja juu ya gitaa kavu, katikati waimbaji wanapotea, vinanda vinajaa nyuma, na Lindsey anaanza kupanda na gitaa ya umeme polepole mpaka hauwezi kaa chini. Mick alikuja kuangalia studio, akatoka na jina la mpiga gitaa. Baada ya muda kidogo mpiga gitaa wao Bob Welch akahepa Fleetwood Mac, Mick akapiga simu. Alitaka Lindsey peke yake. Lindsey akasema ni wote wawili ama hakuna kitu, na hapo namsamehe ile ya blauzi, nusu. Wakaingia. 1977 ikaja albamu ya Rumours, zaidi ya kopi milioni 40, na hiyo stori mnaijua.

Si kila kitu hapa ni moto. "Lola (My Love)" naruka kila saa. Lakini "Stephanie" ni gitaa tupu, imepewa jina halisi la Stevie, na iko safi ajabu kwa hii tepu mpya. "Crystal" aliandika Stevie, anaimba Lindsey. Fleetwood Mac waliirudia 1975, na mimi nachagua hii ya kwanza, haina haraka. Wanamuziki wa siku hizi pia walikuwa wameshtuka mapema: 2024 Madison Cunningham na Andrew Bird walirekodi albamu yote upya, ngoma kwa ngoma, wakaiita Cunningham Bird, na hata hiyo ya asili bado ilikuwa haipatikani.

Iliporudi, iliingia Billboard 200 kwa mara ya kwanza. 1973 haikuwai hata kuguza hiyo chati. Haikukuja na ziara wala ngoma mpya ya hao wawili. Walikubaliana juu ya kazi, wakaitoa, kila mtu akarudi kwake.