MPINI WA TUPA

Katika vijiji vya milimani bado yuko ndugu anayenoa panga kwa tupa isiyo na mpini, au aliyoichomeka kwenye gunzi la mahindi. Gunzi hupasuka. Tupa ikigota ghafla, msuka wake uliochongoka huingia kiganjani, na mwenye kiganja kilichotoboka hapalilii wiki hiyo.

Mpini hauhitaji fedha. Wakati wa kupogoa mipera na michungwa, huko Kinole au Matombo, yatengwe matawi manyoofu yenye unene wa sentimita 4 hivi, yakaushwe kivulini miezi kadhaa. Mti mbichi husinyaa baadaye na kuiachia tupa. Miti ya Hifadhi ya Uluguru isiguswe.

Ukatwe urefu wa sentimita 12, uchongwe kwa kuufuata mkono wa mwenye kuutumia, kwani mpini mwembamba mno huchosha vidole. Mdomo wake uvikwe pete iliyokatwa kwenye bomba la maji, usipasuke. Msuka ni mwembamba nchani na mpana shinani. Kwa hiyo tundu litobolewe jembamba hadi chini, kisha lipanuliwe nusu ya kina chake. Wanaopenda kulichoma watumie msuka wa tupa iliyokwisha, maana joto likifikia meno ya tupa nzima huyalegeza.

Msuka ukishaingia, mpini ugongwe kitako juu ya gogo. Tupa yenyewe isipigwe nyundo: chuma chake ni kigumu, lakini huvunjika kama kigae.

Makatibu wasitoe tupa stoo kabla haijatiwa mpini.