Hodi kwa Mpangaji

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji, tarehe 1 Desemba 2021, bado wako wengi wajao kutafuta kazi ambao hupanga chumba kimoja ndani ya nyumba ya mwenyeji, wakishirikiana naye jiko na choo.

Mimi nami nilipanga hivyo mtaani Langa Langa. Jioni moja nilikuta kitanda changu kimetandikwa, na hati yangu ya mshahara imeondolewa mahali pake. Mwezi uliofuata kodi ikapanda. Nikahama. Mama mwenye nyumba alipoteza mpangaji mwenye kulipa. Nami nikapoteza nyumba nilimoitwa mwana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, makao yake na mali yake visipekuliwe. Wazee wetu walilijua jambo hilo kwa neno moja: hodi. Asiyeitikiwa hurudi.

Basi, mwenye nyumba, ufunguo wa pili ni wa moto na ugonjwa, si wa udadisi. Nawe mpangaji, chumba cha wenyeji nacho kina hodi yake. Yafaa mpatane siku ile ile ya kulipa kodi ya kwanza: nani aingie wapi, na wakati gani.