Je, Wajua? Ng'ombe hukonda malisho yakiwepo
Kiangazi kikipamba moto Ilongero, Singida, ng'ombe hukonda hata nyasi zikiwepo. Protini ya nyasi kavu ikishuka chini ya takriban asilimia 7, vijidudu vya tumboni, ambavyo ndivyo humeng'enya nyuzi, hukosa naitrojeni. Chakula hukawia tumboni, naye ng'ombe hupunguza kula. Nyongeza nzuri ya protini haiko mbali: mashudu ya alizeti kutoka mashine za kukamua mafuta.

Mtafiti wa lishe ya mifugo hupimaje jinsi malisho yanavyomeng'enywa? Njia mojawapo ni kutumbukiza vifuko vya nailoni vyenye malisho tumboni, kupitia tundu la upasuaji lenye kizibo ubavuni kushoto, kisha kupima kilichobaki. Ng'ombe mwenyewe, amini usiamini, huendelea kucheua.